Nusu ya Maneno ya Mganga wa Macho

Nkambo,

Sikuulizi hali, maana sijui huko uliko hali inaulizwaje. Sisi tupo. Tumechoka. Matanga yako yalikwisha wiki iliyopita, mikeka tuliyoazima imerudi kwa wenyewe, na mimi nimerudi shule. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu ndipo uniingie.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho chetu, wewe bibi na mimi mjukuu. Shuleni ni Kiingereza, barabarani ni Kibemba. Sasa hapa nyumbani hakuna wa kunicheka nikikosea.

Jana Mama alinituma samaki sokoni Kashikishi. Nilisimama mbele ya meza nikasikia sauti yako: "Angaria mu jicho, mutoto. Usiangarie mafuta." Jicho likizama na kuwa jeupe, samaki ni wa juzi, hata ang'ae kwa mafuta, hata amwagiwe maji kutwa nzima. Wauzaji walikuwa wakikuona tu wanaambiana wafiche samaki, hakimu wa macho amefika. Wewe ukawajibu kwamba samaki hajui kudanganya, wanaojua ni wao. Nilinunua pale watatu, wazuri. Nikalia njiani, si sana.

Kuna jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai, na ni zito kuliko kilio.

Ulipoanza kutia chumvi kwenye chai, na kuniita kwa jina la shangazi aliyebaki Congo, sote tulisema ni macho. Uzee umekula macho. Kwa hiyo madaktari wa macho walipokuja kliniki kwa siku moja, Baba Mukubwa, mwanao wa kwanza, alitupeleka. Unakumbuka? Labda hukumbuki. Uliweka kidevu kwenye kile chombo, mganga akamulika ndani ya jicho, muda mrefu, wewe umenishika kidole. Alikuwa anasema Kibemba. Baba Mukubwa anajua Kibemba cha kuuliza bei tu, basi mimi ndiye niliyekuwa natafsiri.

Mganga alisema macho yako hayana ugonjwa anaouona kwa taa yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayeona vizuri lakini hatambui, shida yake huenda iko kwenye ubongo, tusichelewe kumpeleka hospitali kubwa. Alisema yote mawili, Nkambo. Mimi nilitafsiri moja. Nyuma yetu kwenye benchi walikaa wamama watatu wa kwaya wanaosikia Kiswahili, na nikaona haya kusema mbele yao kwamba nkambo yangu ana shida kichwani. Niliogopa watasikia "mwendawazimu". Nikasema macho ni mazima, nikanyamaza. Baba Mukubwa akafurahi. Tukarudi nyumbani.

Baada ya siku chache akaja mudogo wako, Nkambo Ngoie, kwa boti kutoka Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, na kikapu cha samaki wa moshi. Ulimwona mlangoni ukapiga kelele atolewe nje. "Mutoshe uyu mutu, anataka kuniua." Yeye akapiga magoti, akakuita dada yake mkubwa: "Yaya, ni miye Ngoie." Uliendelea kulia mpaka ukatapika. Hapo ndipo Baba Mukubwa alipotoa hukumu: "Munganga alisema macho iko muzima. Kama macho iko muzima, ile anaona ni kweli." Mtu mwenye macho mazima amemwona anayemroga. Nani angebisha? Nkambo Ngoie akarudi na boti ileile. Ulipofariki alikuja tena, watu wetu wakamzuia bandarini. Hakukuzika.

Nilijua, na sikusema.

Baadaye mwalimu wa biolojia aliniazima gazeti la sayansi. Nilisoma kwamba nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoitwa retina, na kwamba hiyo ni kipande cha ubongo kilichosogea mbele tangu mtoto yuko tumboni. Wataalamu wanajifunza kuitazama, kwa vyombo vikubwa kuliko ile taa ya kliniki, ili waone dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu, hata kabla mtu hajaanza kusahau. Bado wanatafuta. Sijui kama ulikuwa na ugonjwa huo, hakuna aliyekupima. Lakini nilifikiri: wewe ulikuwa unasoma samaki kwa jicho miaka yote, na kumbe kuna watu wanataka kumsoma mtu vilevile.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo wote ulikaa uani. Baba Mukubwa akauliza kama inavyoulizwa siku zote: "Kuko mutu iko na neno?" Lilikuwa linasubiriwa jina la Nkambo Ngoie, litajwe kuwa la mchawi, naye afukuzwe kwenye ukoo moja kwa moja. Nilisimama. Nikasema yote: mganga, nusu niliyoimeza, benchi, retina. Nilisema vibaya, nikarudia maneno. Hakuna aliyenisifu. Mama aliuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huo. Baba Mukubwa alitazama mikono yake. Kesho yake asubuhi alikwenda bandarini kutafuta boti ya Kilwa, yeye mwenyewe.

Nkambo Ngoie alikuja Jumapili. Hakumsalimu mtu. Mimi ndiye niliyempeleka kaburini. Alikaa chini, akang'oa majani, kisha akaniuliza bila kunitazama: "Aliniona?"

Nikamwambia: "Alikuona, Nkambo Ngoie. Sura yako ilifika jichoni. Ilipotelea ndani, kabla ya kufika kwenye jina lako."

Alitikisa kichwa. Akaendelea kung'oa majani.

Sijui kama amenisamehe, na wewe sijui. Siombi unijibu. Nakuahidi hili tu: nikipewa tena maneno ya mtu nimfikishie mwingine, nitayafikisha yote, hata kama kwaya nzima imekaa kwenye benchi. Na Nkambo Ngoie akija, nitampikia mimi, na samaki nitamchagua kama ulivyonifundisha.

Lala, Nkambo. Umetembea sana.

Mjukuu wako,
Masengo