Keria ya Salma

Jumatatu, 5 Mei
"Kuitia gea baiskeli ile ni kumpaka maiti wanja." Maneno ya shemeji yangu Nassor, leo, juu ya vespa yake, mbele ya baraza nzima. Wakacheka. Upuuzi. Fremu ya baiskeli yangu haina ufa. Rimu zimenyooka. Kibaya ni goti langu, na gea ndiyo dawa yake. Hiyo vespa inashinda kwa fundi, mbona haiziki?

Jumatano, 7 Mei
Fundi wa Darajani kasema gea zitaingia, gurudumu la nyuma libadilishwe. Basi, nshaamua. Naitengeneza.

Jioni. Sijaamua. Labda niuze.

Ijumaa, 9 Mei
Nilimpakia mke wangu Salma kwenye keria, kama kila Ijumaa, kwenda kwa mamake Welezo. Kwenye mwinuko goti likakataa. Tukashuka, tukaikokota. Nassor akapita, honi juu. "Bwana mwandishi, leo baiskeli inakuendesha wewe?" Namchukia.

Jumapili, 11 Mei
Kaja meneja wa hoteli moja ya Paje. Anaitaka. Nikamwambia nitaipaka rangi kwanza.
"Usiiguse, sheikh! Kutu ndiyo wageni wanayoipiga picha."
Kumbe ataitundika ukutani. Chombo kizima, kinachotembea! Nikamuuliza kwa nini asinitundike na mimi. Kaondoka bila kuaga. Haiuzwi.

Jumatatu, 12 Mei
Silali vizuri. Kwenye chai nilimhutubia Salma: mji mzima unageuzwa pambo, na sisi ndani yake. Kanisikiliza mpaka mwisho.
"Ushamaliza? Mie nnakaa upande upande kwenye keria hiyo tangu harusi. Mgongo wauma. Umemuuliza fundi, umemuuliza Nassor. Mie je? Nataka kuendesha."
Na buibui lake, na mtaimbo ule wa juu wa fremu? Haiwezekani. Gea haisaidii hapo.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeiuza kwa muuza mikate. Kaipendea keria. Kesho itakuwa barabarani, si ukutani. Nimerudi na mbili za mtumba: yangu ya gea, na ya kike, isiyo na mtaimbo.

Jumamosi, 17 Mei
Maisara, alfajiri, uwanja mtupu. Salma kaanguka, kacheka, kapanda tena. Mwisho kaenda peke yake hadi ng'ambo ya uwanja. Nilisimama tu.

Nyinyi wa baraza ya kwetu, na wewe Nassor: kesho atapita hapo. Kunjeni miguu yenu, mpisheni, na asisikie neno.