Kiondo cha Kujitembelea

Jumanne

Ati nijihurumie. Nimetoka Mweiga hadi Nyeri mjini kuambiwa hivyo.

Mshauri ni mama mpole wa rika langu. Nilimweleza tena kwamba nafikiria kuachana na Baba Shiku, na kwamba mimi ni mjinga kukaa miaka yote hii na mume anayeongea na ng'ombe zaidi kuliko anavyoongea na mimi.

Akaniuliza, "Rafiki yako akiwa na shida kama hii, utamwita mjinga?"

Nikasema hapana, nitamtembelea. Sisi akina mama wa kanisa hujaza kiondo unga, sukari na majani chai, tukaenda kukaa na mwenzetu bila maswali mengi.

"Basi jifanyie hivyo," akasema. Nafikiri alimaanisha moyoni.

Mimi nilipitia dukani, nikajaza kiondo. Nilipofika nyumbani nikabisha mlango wangu mwenyewe, nikajiona mwendawazimu. Nikapika chai ya maziwa mengi, nikainywa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wageni. Sikujiuliza chochote. Nilipata nafuu kidogo, na hiyo nafuu ikaniudhi.

Baba Shiku akaingia na ndoo ya maziwa, akaona kiondo. "Unaenda kutembelea nani?"

"Nimeshafika," nikamwambia.

Akasema sawa, akaenda kuosha ndoo.

Shida ni kwamba kwetu mgeni harudi na kiondo kitupu. Mwenye nyumba lazima atie kitu. Nimekiangalia jioni yote, na bado sijui nitie viazi ama nguo zangu.