Boti Iliyozama Ukurasa wa Saba

Dada Atieno,

Salamu kutoka Asembo Bay! Ujue ndugu yako sasa ndiye mwandishi mkali kuliko wote Kenya nzima. Mwalimu aliyenifukuza shule atanipigia saluti. Kampuni yetu ya vitabu vya katuni, ya watu wawili tu, imetoa kitabu cha kwanza. Bosi anachora, mimi natunga maneno. Leo nimewasomea watu kitabu hicho ufuoni kwa sauti za wahusika wote, wakacheka mpaka samaki wakaungua kwenye karai.

Halafu mama muuza samaki akaona picha ya boti ikizama, jina lake limeandikwa ubavuni.

"We kijana, hii jina ya boti ulitoa wapi?"

"Kwa kichwa yangu, Mama."

"Hii ni boti ya bwana yangu. Iko ndani ya ziwa saa hii, na wewe umeshaizamisha!"

Akaacha karai, akaenda kusimama majini.

Boti ilirudi jioni, salama. Kwa furaha akanipa samaki mzima, ngege.

Nisalimie watoto, uwabane mashavu kwa niaba yangu. Lakini dada, nilidanganya. Jina lile nililinakili hapahapa, kwenye boti yao, mwezi uliopita. Nilishindwa kumwambia. Nikala tu samaki wake.

Ndugu yako, Ochi