Nyama Upande Huu, Konfitire Upande Ule

Kindu, tarehe 3 Machi 1975

Mama Sharifa,

Salaam nyingi zikufikie hapo Kibombo, wewe na mama yako, na mugongo wake uliokuwa unamusumbua. Mimi ni muzima, isipokuwa jino moja. Binti yetu Sharifa na mume wake ni wazima. Mutoto wao ameanza kutembea, amevunja sahani mbili.

Najua miaka tano imepita tangu uondoke, na sikuandika. Sitaeleza. Kuna jambo.

Unamukumbuka Bwana Wilfredi, ule Mwingereza aliyekuwa anajenga barabara, tuliyemufanyia kazi zamani za Wabelgiji? Muke wake, Bibi Edita, alikufa kwao mwaka jana. Sasa bwana anarudi kutazama Kindu. Atafika tarehe 12 Aprili, atalala hapa kwenye nyumba ya wageni ninapopika. Amemuandikia direkta wetu, sitwayeni Kabasele, kama tunavyoitana siku hizi, kwamba anaomba kitu kimoja tu: ile klanga, chakula cha kwao Bedifodi, aliyokuwa akiila hapa. Direkta akaniita. "Asumani, unaijua?" Nikamujibu, "Mimi njo mwenyewe."

Direkta anataka kuleta mupishi kijana mwenye diploma kutoka Bukavu. Klanga ikitoka vizuri, mimi nabaki. Isipotoka, naenda kuuza mihogo.

Ninaikumbuka sana: ni nyama ndani ya unga, inafungwa kwa kitambaa, inachemushwa, upande moja nyama, upande mwingine konfitire ya matunda na sukari. Ni mambo madogo madogo njo yamenipotea. Nikumbushe.

Wako, Baba Sharifa


Kibombo, tarehe 11 Machi 1975

Baba Sharifa,

Salaam nimezipokea. Mama anakusalimu, mugongo umepona, sasa ni magoti. Mupunga umekubali mwaka huu. Pole kwa jino.

Barua yako nilimusomea mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Anauliza: mutu alipigiwa makofi miaka minane kwa chakula chake, halafu anaandika Kibombo kuuliza namna ya kukipika?

Na mimi nimesahau. Labda nitakumbuka siku utakapoandika, kwa mukono wako mwenyewe, ni nani alikuwa anaipika ile klanga.

Mama Sharifa


Kindu, tarehe 19 Machi 1975

Mama Sharifa,

Natumaini barua hii inakukuta muzima, na magoti ya mama pia. Jino limetolewa, nilikaa siku mbili bila kuongea, direkta akasema jiko limetulia.

Maneno ya zamani sikuona faida yake. Nimepika mwenyewe. Kitambaa cheupe sikupata, nikachukua kipande cha kitenge cha Chama, kile kipya cha maandamano. Nilipofungua, rangi yote ilikuwa imehamia kwenye unga. Klanga ya kijani, na katikati alama ya Chama imetoka wazi kabisa, mukono na mwenge na moto wake.

Nilitaka kuitupa. Lakini mukubwa wa Chama wa mutaa wetu alikuwa amepita kuomba maji ya kunywa, akaiona. Akavua kofia. Akasema hajapata kuona mupishi mwenye moyo kama huu, na kwamba kwa sikukuu ya Mei wanahitaji mbili, kubwa. Direkta alisikia, ikabidi aionje mbele yake. Kule ndani nyama na konfitire zilikuwa zimekutana. Direkta alimeza. Akasema, "Tuko na muda mpaka tarehe 12," bila kunitazama.

Nakuomba tena.

Baba Sharifa


Kindu, tarehe 30 Machi 1975

Mama Sharifa,

Uko muzima? Treni imekuja mara mbili, hakuna barua. Kama mama ni mugonjwa, nijulishe. Kama sababu ni mimi, soma hapa chini.

Wewe njo ulipika klanga. Bibi Edita alikufundisha wewe, kwenye baraza ya nyuma, maana mimi niliona kinyaa kushika yale mafuta ya figo. Miaka minane ulipika, mimi nilibeba sahani. Wageni walipopiga makofi, niliinama. Siku moja uliniambia, "Niite hata mara moja, wanione," nikakujibu kwamba jiko lina mupishi moja. Nikapata kazi hapa kwa jina lile lile, na ulipotaka kunisaidia nikakufukuza jikoni mbele ya vijana.

Watu niliwaambia ulienda Kibombo kwa ajili ya mupunga wa mama yako. Najua haikuwa mupunga.

Hata usiponikumbusha, nimeandika.

Baba Sharifa


Kibombo, tarehe 4 Aprili 1975

Baba Sharifa,

Sisi tuko wazima. Barua yako sikumusomea mama. Niliisoma peke yangu, nimesimama, na chungu kikaungua.

Chukua mafuta magumu ya figo ya ng'ombe, katakata mpaka yawe kama chumvi ya mawe. Changanya na farini, ule unga wa ngano, na maji baridi kidogo. Nyama ukate kwa kisu, usisage. Kitunguu, kiazi ulaya, pilipili manga. Sukuma unga, weka nyama upande moja, konfitire ya mapera upande mwingine. Bibi alitaka ya matunda ya kwao, lakini hapa tuliyatoa wapi? Katikati jenga ukuta wa unga, unene wa kidole. Ule ukuta wewe uliusahau. Toboa matundu mawili upande wa konfitire, mutu ajue pa kumalizia. Kitambaa cheupe. Cheupe, Asumani. Masaa mawili na nusu, maji yasiache kuchemuka.

Na usipige hadisi wakati wa kufunga.

Mama Sharifa


Kindu, tarehe 14 Aprili 1975

Mama Sharifa,

Salaam kwako na kwa mama.

Bwana Wilfredi amezeeka, anatembea na fimbo. Nilipoweka klanga, alitafuta matundu mawili, akaanza upande wa nyama kama mutu anayejua njia ya kwao. Alipofika kwenye mapera aliweka uma chini, akatoa leso. Direkta akanikazia macho. Lakini bwana akasema, "Ya mama yangu ilikuwa jiwe. Ya Edita ilikuwa jiwe. Hii njo nilikuwa naikumbuka. Mupishi iko wapi?"

"Njo huyu," direkta akasema.

Kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka kusema ndiyo. Nikasema, "Iko Kibombo. Ni muke wangu, Hadidja binti Musafiri. Mimi nilikuwa nabeba tu."

Bwana akacheka mpaka akakohoa. "Asumani, tulijua. Edita alikatazwa na muke wako kukuaibisha. Siku zote tulikuwa tunapigia makofi mulango ulio nyuma yako."

Direkta akaniuliza, polepole, basi miaka yote hii nilikuwa napika nini. Nikamujibu, mayai. Anakuandikia kwa treni hii hii.

Baba Sharifa


Kibombo, tarehe 20 Aprili 1975

Baba Sharifa,

Tuko salama, na wewe upumuzike.

Treni imeleta barua mbili. Ya direkta niliifungua kwanza, unisamehe. Anataka nishike jiko, wewe uwe musaidizi. Nimekubali. Musaidizi nitamujaribu mwezi moja, kisha nitaona.

Yako nimemusomea mama. Pale pa mulango aliniambia nirudie, nikarudia mara tatu. Hakucheka. Akaenda kunifungia nguo.

Nitashuka siku ya Alhamisi na magunia mawili. Uwe gare mapema, kabla treni haijasimama. Watu wakikuuliza huyu ni nani, ujibu kwa sauti.

Mama Sharifa