Barua ya Mama Chini ya Wino

Chumba cha Kutengenezea Vitabu,
Maktaba Kuu, ghorofa ya chini.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Wifi hajambo? Na binti yenu, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kwa pengo? Sisi huku hatujambo. Baba masikio yamepungua, ila maneno yameongezeka.

Barua ya marehemu mama uliyonitumia imefika salama. Uliniomba niiokoe kwa kuwa inakatika kwenye mikunjo, ukasema ilikuumiza lakini ndiyo mwandiko wake pekee ulio nao. Sikuelewa imekuumizaje. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa tu, na kwa kuwa barua ni yako, sikuisoma.

Karatasi ile ina asidi tangu kiwandani, nayo inaila kutoka ndani. Dawa tunayo, inaitwa alkoksidi ya magnesiamu: ile metali nyepesi, ikiwa imeunganishwa na spiriti. Tabia yake ni moja, haipatani na maji. Ikigusa unyevu inavunjika, na chupa nzima inaweza kuganda uji mweupe. Ndiyo maana siku za mvua hatuifungui, na mkuu wetu tumembandika jina la Bibi Kizibo kwa kutupigia kelele tufunge chupa. Lakini ndani ya karatasi kuvunjika huko ndiko tunakokutaka. Spiriti inapaa, unga mweupe unabaki kwenye nyuzi, unaimaliza asidi, na karatasi inaishi miaka mingine mingi.

Tatizo lilikuwa wewe, bwana mdogo. Mama aliandika kwa penseli, nawe ulipoona maneno yanafifia ukayapitishia kalamu ya wino, herufi kwa herufi. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma. Penseli haijali spiriti, ila wino wako ungetapakaa ukurasa mzima. Ikabidi niutoe kwanza, kwa pamba na kijiti, siku tatu.

Siku ya tatu nilifika kwenye mkunjo wa kati. Wino wako ulisema: "Usirudi nyumbani. Hapana haja ya kusema lolote."

Nikaweka pamba chini. Tangu mlipogombana na mama ukaondoka, ni miaka kumi na moja tunakusema una moyo wa jiwe, hata kumzika hukuja. Kumbe ulikuwa umebeba maneno haya peke yako! Nisamehe, mdogo wangu.

Nikaendelea kufuta, nikaweka lenzi. Penseli ya mama haikuwa na s pale. Ilikuwa k, mstari wake wa wima umeliwa na mkunjo. "Ukirudi nyumbani, hapana haja ya kusema lolote."

Nikaangua kilio. Bibi Kizibo alikuwa ameshashika chupa. "Kalie nje, mwanangu," akasema, "hii haitaki maji." Nikatoka nikalia nikaridhika, naye akaipaka dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa imekauka na ni imara, imebaki na buluu kidogo tu ya wino wako. Nimekuwekea picha humu ujionee hiyo k. Barua yenyewe siitii posta. Iko kwa baba, kwenye droo ya mama.

Baba anakusalimu, na shangazi mshonaji pia. Anauliza kipimo cha mabega yako kama ni kile kile. Mungu awafungulie njia nyote watatu.

Ukirudi, hapana haja ya kusema lolote.

Wako akupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Dada yako.