Sandali ya Makaburini

Nhica, 4 Juni 1966

Mpwa wangu Pazi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, magoti tu. Nina miaka themanini. Utengatenga, kubeba mizigo ya vita ya Mjerumani, uliniacha hai, njaa ikaniacha, pamba ya lazima ikaniacha, wake wawili nimewazika. Wewe na msumeno wako ni nani? Umekuwa kapita, msimamizi wa vibarua wa Mreno wa mbao. Haya, msitu kapewa kwa karatasi. Lakini ni wewe uliyemwonyesha mbambakofi uliofunika kaburi la mama yako, dada yangu, ukaangushwa. Mvule na mpingo wa nchi hii imebaki hapo makaburini tu. Ukirudi, nitakulipa.

Mjomba wako, Mashaka

Awasse, 19 Juni 1966

Shikamoo mjomba. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima. Wafu hawahitaji kivuli. Vita inakaribia, bosi anataka mbao upesi. Tunakuja na masipai, askari wa Mreno. Ila bosi kaniambia makaburini kuna sandalo, sandali ya kufukizia, nami mwezi ujao namwoa Zainabo, binti wa jirani yako. Sandali ya bure, mjomba! Inakatwaje?

Mpwa wako, Pazi

Nhica, 25 Juni 1966

Marahaba, bwana harusi. Magoti afadhali. Umenishinda, kijana. Mti huo uko karibu na kisima, gome jeusi lililopasukapasuka. Ukate kwa mkono wako, sandali ya harusi haiguswi na kibarua. Kisha jifukize na kanzu yako, mlango ufunge, harufu isipotee.

Mjomba wako akupendaye, Mashaka

Nhica, 2 Agosti 1966

Pazi,

Waaleikum salaam. Ya afya siulizi, nimeyasikia. Umemtuma mwenzako Issufo akuandikie barua kwamba nimekuua macho. Mimi? Hiyo sandalo ya Mreno ni mchalaka wetu! Mtoto yeyote wa hapa anajua utomvu wake hupofua, moshi wake hupasua kichwa. Wewe umekulia dukani Lindi, umesikia jina la Kireno ukanusa harusi, ukakata, ukajifukiza.

Wapasua mbao wako walipokuona unaongozwa kwa fimbo, walisema wafu wamekasirika, wakatupa misumeno. Mreno kakosa watu, kafunga kambi. Mvule umesimama. Mpingo umesimama. Vijana wa msituni wanampiga Mreno risasi mwaka wa pili huu, hajaondoka. Mimi nimemfukuza Mreno kwa barua!

Macho yakifunguka, njoo upande mbambakofi kwa mama yako. Yasipofunguka, utapanda kwa kupapasa.

Ukisema nadanganya, kwamba haya sikuyapanga mimi, muulize Zainabo, niliyemwonya asiingie chumba kile. Muulize na Dauto, mpasua mbao wako, aliyekuokota mlangoni ukilia “Mjomba!”

Mashaka