Siku Tatu za Jiko Baridi

Jumapili, mwezi wa Mei, 1944

Mvua haijaacha tangu adhana ya alfajiri, na ukuta wa chumba changu umelowa hadi kimo cha kitanda. Nimechoka. Nasema hivyo kila Jumapili, najua, lakini leo nimechoka hata mahali ambapo sikujua kuwa panachoka.

Wiki nzima tumefua mashuka ya hospitali. Hayakauki. Tunayaanika chini ya paa, yananuka uvundo, tunayafua tena, na msimamizi anadhani tunamfanyia makusudi.

Ila si kufua kulikonimaliza. Niandike yote leo, maana nikiacha hadi kesho nitaanza kujitetea.

Mwezi uliopita Mama Mkawasi, aliye mkubwa wetu hapa Mombasa, aliniagiza niandike historia ya chama chetu. Sisi wanawake wa Taita tulioko kisiwani hatuzidi kumi na wawili, wengi tumewafuata waume zetu relini na bandarini. Kila Jumapili baada ya kanisa hukutana uani kwa Bi Rukia, Mswahili wa Kibokoni aliyewapangisha wawili wetu vyumba vya nyuma. Sasa wamekuja mabibi harusi wawili kutoka mlimani, na hawajui mambo haya yalianzaje. Mimi ndiye niliyesoma misheni, basi kalamu nikapewa mimi.

Niliandika kama alivyonisimulia bibi, mama yake mama. Katika ujana wake, mwaka wa njaa, mwanamke mmoja alifia nyumbani kwake kule juu, na hakuna aliyejua hadi siku ya tatu. Nyumba zetu ziko mbalimbali, moja mteremko huu, nyingine ng'ambo ya bonde. Wanawake walipomaliza kumzika wakakubaliana jambo moja. Kila asubuhi, kabla hujashika jembe, utazame ng'ambo. Nyumba isiyofuka moshi, uiendee. Usingoje kuitwa. Ukifika usiulize kuna nini. Chukua mtungi uende mtoni, au ukate kuni, au umbebe mtoto. Mengine yatajulikana baadaye.

Hapo ndipo wakaanza kulimiana mashamba kwa zamu na kukaa na mzazi, aliyetoka kujifungua, mpaka apate nguvu. Na mwanamke aliyelemewa alijua la kufanya: aliacha moto uzimike, akangoja. Kuita kwa mdomo kulikuwa aibu. Aibu yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya wenzake, kwa kuwa ni kama kuwaambia hawana macho.

Mimi nimekulia humo. Siku mama alipougua nilimwona akiumwagia moto maji, kisha akarudi kulala. Jua lilipochomoza wanawake wanne walikuwa mlangoni, na hakuna aliyesema neno zaidi ya salamu. Mmoja wao alinisuka nywele.

Kurasa tano niliandika. Nikazisoma mara mbili, nikajipenda kweli kweli.

Sasa habari ya Wakio. Wakio ni mmoja wa wale wawili wanaokaa kwa Bi Rukia; mwenzake siku zile alikuwa amekwenda mlimani. Mumewe amechukuliwa jeshini, yuko vitani Bama, na barua yake ya mwisho ni ya Krismasi. Wakio alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Machi. Tulikaa naye kwa zamu mpaka akaweza kusimama, kisha kila mtu akarudi kazini kwake. Tajiri aliyekuajiri mjini hajui habari za mzazi.

Wiki mbili zilizopita homa ilimshika, naye akafanya kama alivyofunzwa na mama yake. Hakuwasha moto. Lakini huku tunapikia makaa, na makaa yakishakolea hayana moshi. Hata yangekuwa nao, nani angeujua moshi wa Wakio katika mji uliojaa majiko? Yeye mwenyewe alilifikiria hilo. Kwa hiyo akajikokota, akalitoa jiko lake nje, akaliweka mbele ya mlango, tupu, apitaye alione.

Na apitaye ni mimi. Njia yangu ya mkato kwenda kazini inakatiza uani kwa Bi Rukia.

Jumatano nililiona, nikadhani amemwaga majivu. Alhamisi nikaliona tena, limejaa maji ya mvua, nikasema moyoni, huyu Wakio naye, jiko litaliwa na kutu. Ijumaa nilikuwa nimechelewa. Nilipandisha leso nisilowe, nikalikwepa, nikapita.

Siku tatu. Na mimi ndiye mwandishi wa historia.

Jumamosi Bi Rukia alisikia mtoto akilia kisauti cha paka, akausukuma mlango. Wakio hakuwa akijitambua, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Bi Rukia hakungoja mtu. Alimchukua mtoto akampa binti yake Salma, ambaye ana mwana wa miezi minne, akamnyonyesha palepale. Kisha akaita hamali wenye mkokoteni, wakampeleka Wakio hospitali. Salma anasema watoto hao sasa ni ndugu wa kunyonya, hawawezi kuoana, na yeye ameshapata binti bila kuzaa.

Jioni ile nilipofika, Bi Rukia alinikalisha kitako. "Nyinyi watu wa milimani hamuna vinywa?" akaniuliza. "Mtu yuwafa, huzima jiko akanyamaza. Kwani jirani ni mpiga ramli?"

Nilijaribu kumweleza. Kila nililolisema lilikuwa zuri mlimani na pale uani likawa la kipuuzi. Akaniuliza, na wewe si wapita hapa kila siku? Nikamjibu kwamba wiki ile nilizungukia njia ya Ngomeni kwa sababu ya matope.

Niliongopa bila hata kumeza mate. Na Wakio alipopata fahamu nikamwongopea vilevile. Alinitazama, akafumba macho.

Mungu ni mwema, amepona, ingawa amebaki mifupa. Alhamisi alirudi nyumbani.

Leo ndiyo niliisoma historia. Kwa ajili ya mvua tulikaa ndani, tumebanana ukumbini kwa Bi Rukia, na yeye mwenyewe alikaa mlangoni akimenya vitunguu na kusikiliza. Nilipofika kwenye nyumba isiyofuka moshi niliacha kusoma, nikauanza mstari upya. Walidhani ni uchungu wa kukumbuka nyumbani. Bibi harusi mmoja akalia. Mama Mkawasi akapiga kigelegele, akasema karatasi zile atazifungia kwenye kasha lake. Wakio alikuwa ameegemea ukuta, Salma kando yake na mtoto kifuani. Akaniambia, polepole, "Umeandika vizuri, dada."

Ningetamani anizabe kofi.

Watu walipotawanyika nilimshika mkono nikamrudisha chumbani kwake. Alikaa kitandani akaanza kukunja nguo za mtoto. Nikaona nikitoka bila kusema, sitasema tena maisha yangu.

"Wakio, jiko nililiona. Siku zote tatu."

Hakuacha kukunja. "Najua," akasema. "Mlango una ufa. Nilikuona ukilikwepa."

Nikakaa sakafuni. Kumbe alijua tangu hospitali, tangu ule uongo wangu, na leo amenisikiliza kurasa tano nzima. Nilimwuliza kwa nini hakuniita. Nilikuwa hatua mbili tu. Angetaja jina langu, Mghoi, basi, ningeingia.

"Na wewe ungeniita?" akaniuliza.

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikaanza kumsaidia kukunja. Baadaye Salma akamleta mtoto, Wakio akanipa nimpakate, akalala. Nimempakata mpaka mkono umekufa ganzi.

Jibu ninalo, kinywani tu ndipo lilipokataa. Nisingemwita. Ningelala pale na homa yangu nikisikiliza nyayo zake zikipita, nikimngojea aone mwenyewe, na ningejiona mwanamke mwenye heshima zake.

Kidole gumba cha kulia kimevimba tangu Jumanne. Kuna kidonda chini ya ukucha na magadi ya kufulia yameingia. Siwezi kukamua shuka, nakamua kwa kiwiko, na sijamwonyesha mtu yeyote. Mpaka naandika hapa nilikuwa nangoja mmoja wa wenzangu akione.

Kesho kabla ya kazi nitabisha kwa Mama Mkawasi. Nitamwambia: mama, naumwa, nisaidie. Maneno matatu. Nimeyajaribu hapa chumbani peke yangu, mlango nimeufunga, na mara zote mbili nimeishia kwenye lile la kwanza, mama.